Mvinyo wa Shemeji na Sukari ya Mama

Jumamosi, saa moja asubuhi, sauti ya mama iliingia kwenye kundi la familia kwenye simu, ikisoma kipimo chake cha sukari.

"Tatu nukta tisa, wanangu. Leo ni tatu nukta tisa. Mungu ni mwema na zabibu ni njema."

Punde kundi zima lilikuwa linapiga makofi. Mabinamu walituma mioyo. Mjomba alituma picha ya chupa. Dada yangu mkubwa aliandika, "Mama wa chuma." Kisha akaja shemeji, mume wa dada, ambaye ndiye anayetengeneza mvinyo anaounywa mama kila asubuhi, kwa sauti iliyotanguliwa na kikohozi cha mtu mkubwa: "Ndugu zangu, takwimu hazidanganyi. Haya ndiyo malipo ya kurudi kwenye asili."

Mimi sikupiga makofi. Nilikaa kitandani nikaisikiliza sauti ya mama tena. Mwishoni, aliposema "njema", ulimi wake uliteleza, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Kwa msomaji aliyenikuta njiani: kazi yangu ni kupima vinywaji kwenye maabara. Niseme ilikuwa, mpaka shemeji alipochapisha kwenye vipeperushi vyake kwamba mvinyo wake "umethibitishwa na mtaalamu wa maabara aliye ndani ya familia". Mtaalamu huyo hakuwahi kupewa hata tone. Nilipoomba chupa nikaipime, shemeji aliniambia kwamba mvinyo hai haupimwi, unahisiwa. Mkuu wangu wa kazi hakuhisi chochote. Alinisimamisha mpaka ijulikane maabara imeingiaje kwenye biashara ya mtu.

Nikaenda kulalamika kwa dada, ambako ndiko mama anakoishi. Dada akasema nina wivu. Mama alikuwa amekaa pembeni, ananisikiliza, glasi mkononi.

Mama yangu hajawahi kunywa pombe. Kwenye harusi yake mwenyewe aligonganisha glasi ya maji. Lakini shemeji alikuwa amemweleza kwamba hii si pombe, ni zabibu iliyokomaa. Haina kemikali. Haina dawa ya kuhifadhi. Haijaongezwa sukari. Inasafisha damu, inaamsha moyo, na inafanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Mama, ambaye sokoni huinusa nyanya mara tatu kabla ya kuiamini, alizimeza sentensi zote hizo bila maji.

Nilimwambia maji nayo ni kemikali. Nilimwambia nyoka ni wa asili, hajaongezwa kitu, na bado hatumlambi. Nilimwambia kwamba kile kitu kizuri kinachosifiwa kwenye ganda la zabibu ni kidogo mno, hata mtu akitaka kimfae itabidi anywe pipa, na pombe itamfikia kabla ya afya.

Mama alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, usomi umekukausha."

Dada akanionyesha mlango. Nisirudi, alisema, mpaka nijifunze kufurahi watu wakifurahi.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefikia. Na kibaya zaidi, namba zilikuwa upande wao. Kabla ya mvinyo, sukari ya mama ya asubuhi ilikuwa kumi, kumi na moja. Baada ya mvinyo ikawa saba. Ikawa sita. Ikawa tano. Mimi niliyelelewa na namba nikawa nachapwa kwa fimbo yangu mwenyewe.

Namba zilikuwa za kweli. Maana waliyozipa ndiyo ilikuwa ya uongo.

Ini ndilo ghala la sukari ya mwili. Mtu akiwa hajala, ghala hutoa kidogo kidogo ili ubongo usizime. Pombe ikiingia, ini huliacha ghala na kwenda kupambana na pombe. Kila asubuhi mama alikuwa anameza kidonge cha kushusha sukari, anakisukuma kwa glasi ya mvinyo, na tumboni hamna kitu. Hakuwa anapona. Alikuwa anaishiwa.

Na Jumamosi hiyo, saa nne, shemeji alikuwa anazindua mvinyo wake rasmi. Mgeni wa heshima alikuwa mama.

Nilimpigia mama, simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia dada.

"Nini tena, Bi Mizani?" Ndilo jina langu pale nyumbani.

"Mama amekula?"

"Amekunywa dawa zake."

"Dawa zipi?"

"Kidonge na glasi yake. Atakula huko huko kwenye uzinduzi."

"Dada, mpe chai yenye sukari sasa hivi. Mpe na mkate."

"Mume wangu kasema asile mpaka aonje mbele ya watu. Wageni wamwone na tumbo lake tupu na nguvu zake."

"Tatu nukta tisa si nguvu. Ni ukingo wa shimo."

"Wewe mama alipokuwa na kumi na moja ulilia. Sasa ana tatu unalia. Hebu sema unataka ngapi, tukutengenezee."

Kusema haki, lilikuwa swali zuri. Nilipoanza kulijibu, nilikuta naongea peke yangu.

Nikavaa viatu.

Uzinduzi ulikuwa kwenye ghala lililokuwa zamani la matairi. Shemeji alikuwa amelikata katikati kwa pazia la kitambaa cha gunia. Nyuma ya pazia ndiko alikokuwa anatengenezea. Mbele kulikuwa na meza, glasi, na majani ya mzabibu yaliyoning'inizwa kwenye nyaya. Yalikuwa ya plastiki. Juu yake bango: ASILI HAIDANGANYI.

Mlangoni alikuwa amesimama mjomba, kaka yake mama. Mjomba anaijua pombe kama kinyozi anavyojua vichwa.

"Karibu hospitali," aliniambia akiinua glasi.

"Umeonja?"

"Mara nne. Ile ya kwanza sikuiamini."

"Ikoje?"

"Kali kama mama mkwe aliyekosewa. Karatasi yao imeandikwa kumi na mbili kwa mia. Mimi nakwambia hii iko kumi na tano na bado inapanda. Pombe hainidanganyi mimi kwa kujifunika jani."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko mbele kule. Imemkolea." Mjomba alicheka mpaka mvinyo ukamwagikia mkononi. "Amenihubiria tangu tukiwa vijana. Leo kasinzia kabla yangu."

Sikucheka naye. Nilishaanza kupenya katikati ya viti.

Mama alikuwa kwenye kiti cha mbele, kilichovikwa kitambaa cheupe kama cha bibi harusi. Kichwa kimeangukia bega. Feni ilikuwa inampiga usoni moja kwa moja, na bado jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni na kulowesha ukosi wa gauni. Mkono wake wa kulia ulikuwa unachezea ukingo wa kitambaa, unafinya na kuachia, kama anatafuta uzi uliopotea.

Karibu naye shemeji alikuwa amesimama na kipaza sauti. Alivaa shati la kitani na miwani ya vioo vitupu. Macho yake ni mazima, lakini anasema wateja humsikiliza vizuri zaidi akiwa na miwani.

"Mnamwona mama mkwe wangu?" alikuwa anawaambia watu. "Huo ndio usingizi wa asili. Niambieni ni kidonge gani kinaweza kumpa mtu wa umri huu usingizi kama huo."

Watu walicheka kwa upole, kama wanavyomcheka mtoto aliyelala mezani. Mwanamke mmoja alipiga picha.

Nilipiga magoti. "Mama. Mama, unanisikia?"

Alifungua macho nusu. "Funga dirisha," alisema. "Nguo zitalowa."

Ghala halikuwa na dirisha.

Watu wakacheka tena.

Shemeji alikishusha kipaza sauti, akainama, meno yake yakiendelea kuwatabasamia wageni. "Shem, nakuomba. Leo usinivurugie shughuli."

"Kipimo chake kiko wapi?"

"Mama anapumzika."

"Sogea."

Kipimo kilikuwa kwenye mkoba wa mama, pamoja na kitambaa cha mkononi na maganda ya peremende alizoacha kula tangu alipoambiwa sukari ni sumu. Maganda yalikuwepo, peremende hazikuwepo. Nilimtoboa kidole. Hakushtuka. Nikangoja.

Mbili nukta moja.

Nilikiinua kile kipimo mpaka puani kwa shemeji ili asiseme hakuona. "Mbili nukta moja," nilisema. "Unaelewa?"

Alielewa kwa namna yake. Alisimama wima, akarudisha kipaza sauti mdomoni, na sauti yake ikatetemeka kwa furaha.

"Ndugu zangu, hatukuwa tumepanga, lakini mpimaji wa maabara mwenyewe amempima mama hapa hapa mbele yenu. Asubuhi alikuwa tatu nukta tisa. Sasa ni mbili nukta moja. Imeshuka tena."

Ghala zima likapiga makofi.

Nimeshuhudia watu wakishangilia mengi ya kijinga. Sikuwahi kuona watu wazima, waliosoma, wakimshangilia mtu anapokata roho kwa sababu tu namba inateremka.

Nilimpokonya kipaza sauti. Hakutegemea, kwa hiyo alikiachia.

"Huyu mama hajalewa na hajalala," nilisema. "Sukari yake imekwisha. Ikishuka zaidi ya hapa atazimia, na ikiendelea atakufa kwenye kiti hiki. Nahitaji sukari. Soda, sharubati, chochote kitamu. Sasa."

Makofi yalikatika. Viti vikakwaruza sakafu. Watu wakaanza kupekua mikoba.

Hapo ndipo nilipojua niko wapi. Nilikuwa kwenye ukumbi wa watu waliokuja kutafuta afya. Mezani kulikuwa na lozi, matango yaliyokatwa, jibini na maji ya ndimu. Mtu mmoja alinipa chupa ya chai ya majani makavu. Chungu. Mwingine akanipa ubani wa kutafuna, nikasoma karatasi yake: hauna sukari. Bwana mmoja aliniuliza kama kuna ubaya wa kumpa mama mvinyo kidogo ili achangamke.

"Mjomba," niliita, "duka."

Duka la karibu lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Mjomba alitoka mbio, na mbio zenyewe zilikwenda upande kwa upande zaidi ya kwenda mbele.

Nikamgeukia shemeji. "Huna hata kijiko?"

"Hapa?" Alilijibu ghala zima, si mimi. "Umesoma bango? Humu haijawahi kuingia hata punje ya sukari."

Mkono wa mama uliokuwa unachezea kitambaa ukasimama.

Dada yangu alikuwa amesimama kando ya pazia na sinia la glasi. Sikuwa nimemwona mpaka wakati ule. Alikuwa anautazama ule mkono. Kisha akamtazama mumewe, na mumewe akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi bila kutaka wengine wajue kuna nzi. Nilikiona kile kichwa kikitikisika na sikukielewa.

Dada aliliweka sinia chini, akaingia nyuma ya pazia.

"Mke wangu," shemeji aliita, kwa upole. Kisha, bila upole: "Rudi hapa."

Alirudi. Alikuwa ameshika kopo la lita kwa mikono miwili, limejaa sukari nyeupe mpaka inamwagika, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, pazia alilisukuma kwa bega na likabaki wazi.

Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani kama matofali. Sukari, jina la kiwanda limegeuziwa ndani. Mbele yake mapipa ya buluu yenye mifuniko.

Wageni waliyatazama magunia. Mimi sikuwa na nafasi.

"Shika kichwa chake," nilimwambia dada. "Usimlaze. Maji."

Nilimpaka mama sukari kwenye fizi kwa kidole. Koo lake likacheza. Bado alikuwa anaweza kumeza, na hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya kwanza siku ile. Tukakoroga sukari kwenye maji ya ndimu ya wageni, tukamnywesha tone kwa tone.

"Meza, mama," dada alikuwa anasema. "Meza, mama yangu. Meza hivyo hivyo."

"Sukari yote hii ni ya kazi gani?" nilimuuliza.

Hakuinua uso. "Zabibu zilikuja mbichi. Zilikataa kuchachuka. Akasema tuzisaidie. Pipa la kwanza, la pili. Sasa kila pipa tunalitilia."

"Na uliniambia nina wivu."

"Mpe maji, mdogo wangu. Utanitukana baadaye."

Kwa asiyejua: hamira hula sukari na kutoa pombe. Ukiiongezea sukari, inaongeza pombe. Kwa hiyo shemeji alidanganya kwamba sukari haikuongezwa, ingawa ndani ya chupa haikuwamo tena. Sukari iliingia kwa magunia ikatoka ikiwa pombe, na ulimi wa mjomba ulikuwa umepima sawasawa kuliko karatasi ya chupa. Hicho ndicho mama alichokuwa anakunywa kila asubuhi kwa ajili ya moyo.

Shemeji alikuwa amekipata tena kipaza sauti chake.

"Ndugu zangu, tutulie," alisema. "Sukari inatoka wapi? Kwenye muwa. Muwa ni nini? Ni mmea. Kwa hiyo tusibabaike, bado tuko ndani ya asili."

Kuna bwana mmoja alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona kwa macho yangu.

Wengine walianza kuzirudisha chupa mezani, kimya kimya, kama watu waliookota kitu wakagundua ni cha marehemu.

Mama alifungua macho. Safari hii yalitulia, yakaniona mimi. Alijilamba midomo, akakunja uso.

"Nani kanipaka unga mdomoni?"

Nilimpima. Nne nukta mbili. Dada alikaa chini sakafuni.

"Mmeona?" shemeji alisema. "Ameamka mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba aliingia wakati huo huo, anahema kama punda, na chupa ya soda aliyokwisha kuinywa nusu njiani.

"Anakwenda hospitali," nilisema.

"Nimeshapona," mama alisema. "Hospitali nikafanye nini? Mnataka wanirudishie sukari yangu?"

"Kidonge ulichomeza bado kinafanya kazi, mama. Kitafanya kazi mpaka jioni. Itashuka tena."

"Kila siku wewe na kushuka kwako. Ikipanda unalia, ikishuka unalia."

"Tunakwenda," dada alisema kutoka sakafuni.

Mama alimtazama. Mimi pia. Tangu mvinyo uingie kwenye ile nyumba sikuwahi kusikia dada akitoa neno ambalo halikupitia kwanza kwa mumewe. Alisimama, akapangusa magoti, akamshika mama mkono, na mama akanyanyuka.

Gari lilikuwa la shemeji, kwa hiyo shemeji naye alikuja. Njia nzima aliendesha kwa heshima kubwa na kumwita mama "mama yangu" kila tulipofika kwenye tuta.

Tulipofika chumba cha wagonjwa wa dharura, mama alipimwa tena. Tatu nukta sifuri. Ilikuwa imeanza kushuka, kama nilivyosema, na sikufurahi hata kidogo kuwa mkweli. Muuguzi alimtundikia dripu ya sukari.

Daktari wa zamu alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, barakoa usoni, macho yamechoka. Hakupoteza maneno.

"Mama, unatumia vidonge gani?"

Mama akamtajia.

"Leo umekula?"

"Bado, mwanangu. Nilikuwa na shughuli."

"Umekunywa pombe yoyote?"

Mama alijiinua kwenye mto. "Mimi? Pombe mimi naisikia kwenye redio."

"Amekunywa mvinyo," nilisema. "Leo, na kila asubuhi kwa zaidi ya mwezi."

"Ile ni zabibu," mama alisema.

"Zabibu tupu, daktari," shemeji alidakia. "Ya asili kabisa."

Daktari alimgeukia. "Imechachuka au haijachachuka?"

"Imekomaa."

"Sikuuliza kama imekomaa."

Nilianza kumpenda yule msichana. Aliweka kalamu chini.

"Nisikilizeni wote. Kama ni kidonge peke yake na kukosa chakula, nitamwekea dripu, nitamwangalia, nitamrudisha nyumbani na kidonge chake kwa kipimo kidogo. Kama kuna pombe ya kila siku, hiyo ni habari nyingine. Ini lake halina akiba. Nitamlaza, sitaiondoa dripu, na kidonge hicho hatakigusa tena. Nikikosea kati ya hayo mawili, atazimia nyumbani akiwa kitandani, na mtadhani amelala. Kipimo cha pombe kwenye damu hapa hatuna. Ninachotegemea ni midomo yenu."

"Nimeshakwambia," nilisema.

"Daktari," shemeji alisema taratibu, "huyu shemeji yangu tunampenda, lakini ujue kitu kimoja. Kazini kwake wamemsimamisha. Na ni kwa mambo haya haya ya mvinyo wangu."

Daktari alinitazama. "Ni kweli umesimamishwa?"

Kulikuwa na maelezo marefu. Lakini alichouliza hakikuwa maelezo.

"Ni kweli," nilisema.

"Unaishi na mgonjwa?"

"Hapana."

"Mara ya mwisho umemwona anakunywa hicho kitu lini?"

"Kwa macho yangu? Si leo. Nilifika ameshakunywa."

"Hajakanyaga nyumbani mwezi mzima," mama alisema. "Hajui ninachokula wala ninachokunywa. Na leo amenishikia kipaza sauti mbele za watu." Machozi yalimjaa, ya hasira, na ilikuwa hasira yenye afya kuliko chochote nilichomwona nacho siku ile. "Sasa amekuja kuniita mlevi mbele ya mtoto wa watu. Toka, mwanangu. Toka nje, mimi nitibiwe."

"Mama."

"Toka."

Muuguzi alinigusa kiwiko. Mgonjwa akisema hivyo, hakuna mjadala. Nilirudi nyuma mpaka korido, na muuguzi akaushika mlango, ukabaki mwanya.

Kupitia ule mwanya niliona shemeji akivuta kiti na kukaa karibu na kichwa cha mama. Daktari aliichukua kalamu yake.

"Nani anaishi naye?"

"Mimi," dada alisema.

"Basi nakuuliza wewe. Mama yako anakunywa pombe?"

Dada alimtazama mumewe.

Muuguzi akafunga mlango.